Hicho Kinundu Si Keloidi, na Tafadhali Usikimwagie Kapsuli

Mimi ni mtoboaji, na picha ninayotumiwa huwa ni ile ile. Pua, kipini, na pembeni mwa kipini kinundu cha milimita mbili hivi, kinang'aa, kina unyevunyevu. Chini yake maneno: "Dada, nimepata keloidi. Nimepaka spiriti, nimepaka dawa ya meno, nimemwagia na ile kapsuli ya rangi mbili, wapi! Nikitoe?" Nauliza umetoboa lini. "Mwezi na kidogo." Wiki hii imekuja tena, na kabla sijamaliza kuijibu ikaingia nyingine, ya sikio. Nimechoka kuandika jibu hili kwa vidole viwili WhatsApp. Leo naliandika mara moja, na kuanzia sasa atakayeuliza nitamtupia hapa.

Kwa uwezekano mkubwa, hicho si keloidi.

Keloidi ni kovu lisilojua mipaka. Tundu lako lina upana wa milimita moja, lakini kovu linatoka nje ya jeraha, linapanda kwenye ngozi nzima ambayo haijaguswa na sindano, na halisimami. Kwa kawaida huanza baada ya miezi, mitatu na kuendelea, wakati jeraha limeshafunga na mwenyewe umeshasahau kama uliwahi kutoboa. Ni gumu ukilibonyeza, juu limenyooka, linawasha, halitoi maji. Na halipungui. Ukisikia mtu anasema "keloidi yangu jana ilikuwa kubwa, leo imeshuka", huyo hana keloidi.

Kinundu cha muwasho ndicho hicho mnachonipigia picha. Kinakuja mapema, ndani ya wiki chache. Ni laini, kimekaa upande mmoja wa tundu, kinalowa, kinatoka damu ukikikwaruza na taulo. Kinapanda na kushuka kulingana na ulivyolala na ulivyokisumbua. Ni nyama changa ambayo mwili umeirundika pale kwa sababu kuna kitu kinausumbua kila siku. Ondoa kinachousumbua, kinasinyaa. Usipokiondoa, hata upake nini kitabaki.

Katikati ya hivyo viwili kuna kovu nene, ambalo linainuka lakini linabaki kwenye mipaka ya jeraha, na mara nyingi hulegea lenyewe baada ya miezi. Hapa niseme ukweli ambao hautausikia kwa wenzangu wanaojitangaza: kuna hatua ambayo kovu nene changa na keloidi changa siwezi kuvitofautisha kwa macho, na ukinitumia picha ndiyo kabisa. Ninachofanya ni kuondoa kila kinachosumbua, halafu kusubiri wiki nne hadi sita. Kikirudi nyuma, tumemaliza. Kikibaki pale pale, tunasubiri kidogo. Kikisonga mbele na kuvuka ukingo wa tundu, hiyo si kazi yangu tena, nenda kwa daktari wa ngozi.

Ubaya ni kwamba hili neno keloidi limeingia vichwani mwetu likiwa na ukweli ndani yake. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi kuliko weupe, hilo halina ubishi, na inakwenda kwa ukoo. Kama mama yako ana keloidi ya chunusi kifuani, au wewe mwenyewe una kovu la chanjo begani lililovimba kupita kiasi, nitakuambia kabla sijafungua sindano, na wengine nawarudisha nyumbani na hela yao. Lakini kusema tunaipata zaidi si kusema kila kinachovimba ndiyo yenyewe. Watu wanasikia "keloidi" wanakimbilia kukata. Kinundu kilichokuwa kinaomba kuachwa tu kinapigwa wembe, na mtu ambaye kweli ana asili ya keloidi anaongezewa jeraha jipya, kubwa kuliko la kwanza, la kuoteshea nyingine. Hata keloidi ya kweli haikatwi ikaachwa hivi hivi. Ikikatwa peke yake, zaidi ya nusu hurudi, na mara nyingine inarudi kubwa zaidi. Daktari huanza na sindano za triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu, ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki kadhaa, na akiamua kukata, anakata pamoja na hizo sindano au hereni maalumu ya kubana. Hiyo ni tiba ya miezi. Kwa wa kaskazini, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, mnao watu wa kuwauliza.

Niwape mfano mmoja. Alikuja binti ambaye tayari alikuwa ameambiwa mahali atafute hela ya kukatwa. Nikamlaza, nikawasha tochi. Kipini chake kilikuwa kile cha kona, kifupi, mguu wake umebana bawa la pua kwa ndani. Nikamwambia atabasamu. Kila pua ilipotanuka, kichwa cha kipini kilizama kwenye ngozi, na juu ya kinundu kulikuwa na alama ya mviringo, saizi ile ile ya kichwa cha kipini. Yaani kinundu kilikuwa kimepigwa muhuri na mhalifu mwenyewe! Nikakitoa kipini, nikaweka cha titani chenye bapa kwa ndani na mguu wa kutosha kwa uvimbe, nikamkataza kukigusa. Alivyorudi baada ya wiki kadhaa kilikuwa kimebaki kidoa cheusi. Dawa sikumpa. Hela ya upasuaji alishanunulia simu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni "nini kinaligusa tundu?" Swali la "nipake nini?" liache kwanza. Kwenye pua: kipini kifupi, au pete uliyoilazimisha siku ya kwanza kwa sababu ndiyo inayopendeza, nayo inazunguka kila unapofuta kamasi. Kwenye gegedu la sikio, ile sehemu ngumu ya juu: unalalia upande huo, headphone, uzi wa barakoa, nywele ya rasta iliyojiviringisha nyuma ya hereni usiione mpaka nikuvute na kibano. Mtandio ni adui mkubwa kuliko wote kwa wateja wangu. Hauumizi, unavuta kidogo tu, mara nyingi kwa siku, kila unapoutengeneza. Wenye mtandio nawaambia waufunge kwa kupitisha nyuma ya sikio kwa miezi ya mwanzo, au watoboe likizo ya kukaa nyumbani. Kitovu ni jinzi ya kiuno cha juu. Na msusi! Umetoboa Ijumaa, Jumamosi umekwenda kusuka, mkono wa msusi umepita pale mara mia, halafu Jumatatu unanitumia picha.

Sasa la kuzungusha. Nani aliwafundisha kuzungusha hereni ili "isishikane na nyama"? Najua nani, ni bibi. Bibi alitoga ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, kwa sindano na uzi, au mwiba, kisha kijiti cha chelewa kilichokatwa kwenye ufagio na tone la mafuta ya nazi. Uzi unanyonya majimaji, unakauka, unagandana na ukoko. Labda ndiyo maana walikuwa wanausogeza. Na ndewe ni nyama tupu yenye damu nyingi, inasamehe karibu kila kitu, inapona wiki sita hadi nane hata ukiikosea adabu. Chuma hakigandani na nyama. Ukizungusha unachana ngozi changa iliyoanza kutambaa kuingia ndani ya tundu, na ukoko wa nje unauburuza ndani. Ni fundi amepiga plasta, wewe kila jioni unapita na kidole kuangalia kama imekauka.

Gegedu halina mishipa ya damu ya kwake, linakula kwa kuazima kutoka kwenye utando wake. Ndiyo maana linachukua miezi sita hadi mwaka mzima, na kitovu vilevile. Nikisema "mwaka" watu wanacheka, kwa sababu wiki ya sita halikuwa linauma. Kutouma si kupona. Tundu linapona kutoka nje kuingia ndani. Nje pako safi, katikati bado ni jeraha bichi. Hapo ndipo mtu anabadilisha hereni kwa ajili ya harusi, na kinundu kinazaliwa siku ya pili. Utaniambia mbona picha za zamani za Unguja zinaonyesha akina mama wametoga mpaka ukingo wa juu wa sikio. Ni kweli. Ila waliopata matatizo hawakuitiwa mpiga picha.

Kusafisha: maji ya chumvi ya 0.9%, yale ya dripu, mara mbili kwa siku, futa ukoko uliolainika, kausha kwa karatasi safi badala ya taulo, ondoka. Nunua vichupa vidogo. Chupa ya nusu lita ikishafunguliwa si safi tena, usiitumie wiki nzima. Ukikosa, robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa. Robo. Kuna watu wanatengeneza bahari ya Hindi humo ndani kisha wanashangaa ngozi imebanduka. Spiriti, Dettol, hidrojeni paroksaidi na iodini vinaua vijidudu, sawa, na vinachoma hizo seli changa tunazozisubiri. Jivii inakuficha rangi ya jeraha hata mimi nisione kinachoendelea. Mafuta ya mgando yanaziba. Dawa ya meno ni ya meno. Na kusema kweli, mengi tunayoambiana kuhusu usafi wa matundu ni uzoefu wa watoboaji zaidi ya utafiti mkubwa. Nina wateja walioosha kwa maji ya bomba tu wakapona vizuri, na wengine waliofuata kila neno langu tundu likakataa. Sina maelezo ya kila tundu.

Kapsuli nimeiweka pembeni makusudi, kwa sababu hiyo inanikasirisha kuliko zote. Unafungua kapsuli ya antibiotiki, unamwaga unga juu ya kinundu. Unga unachanganyika na majimaji, unakuwa saruji, na chini yake panachemka. Kama hakuna maambukizi, umejiwasha bure. Kama yapo na ni kwenye gegedu, mara nyingi msababishi ni bakteria anayeitwa Pseudomonas, ambaye amoksilini hana habari nayo, wala tetrasaiklini. Anahitaji dawa ya aina nyingine, iliyoandikwa na daktari, na kwa haraka, maana gegedu likishaoza halioti tena na sikio linakunjamana. Mwaka 2000 huko Oregon, Marekani, wateja kadhaa wa kibanda kimoja waliugua hivyo baada ya kutobolewa gegedu kwa bastola ya kutobolea masikio, na bakteria hao walipotafutwa walikutwa kwenye chupa ya kunyunyizia dawa ya kuulia vijidudu. Dawa yenyewe!

Utajuaje ni maambukizi? Yale maji ya manjano mepesi yanayokauka na kuwa ukoko si usaha, ni kawaida. Usaha ni mzito, una harufu. Maelezo mengi yanasema "angalia wekundu", na kwenye ngozi yetu wekundu haupo: ngozi inakuwa nyeusi zaidi, imekaza, inang'aa. Tumia mgongo wa vidole, linganisha joto la masikio yote mawili. Kama sehemu yote ya juu ya sikio imevimba, ni ya moto, inauma ukiigusa, lakini ndewe chini iko salama, ni gegedu, na hiyo ni hospitali leo. Mimi usinipigie. Na usitoe hereni mwenyewe, tundu likijifunga juu ya usaha umejitengenezea jipu, daktari ataamua.

Bastola ya kutobolea, kwa kifupi: ni plastiki, haivumilii joto la otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu, na hereni yake butu inapasua badala ya kukata. Kwenye ndewe watu wanaponea humo. Kwenye gegedu na pua, hapana. Hereni ya kwanza iwe titani au dhahabu halisi. Ya kupakwa dhahabu ikichubuka inabaki nikeli, na silva inaweza kuacha doa la kijivu lisilofutika.

Watoto: subirini chanjo ya tatu ya penta, ya wiki ya 14, ina pepopunda ndani. Kwa ukoo wenye keloidi kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulioona kwamba waliotobolewa baada ya miaka 11 waliota keloidi zaidi kuliko waliowahi. Ulikuwa mdogo na siuapii, lakini mama mwenye keloidi akiniuliza kama amngoje bintiye afike sekondari, namwambia asimngoje. Au aache kabisa, masikio hayana deni.

Na "nikikitoa, tundu litaziba?" Pua na ulimi vinaweza kuanza kuziba ndani ya saa chache, hata baada ya muda mrefu. Ndewe ya miaka mingi mara nyingi inakungoja. Kitovu huwezi kukitabiri, kwa hiyo ukiwa mjamzito na umepangiwa upasuaji, njoo nikuwekee cha plastiki mapema, kabla wauguzi hawajaanza kuhangaika nacho mezani wakiwa wamevaa glavu.