Kito cha rangi kwa pete ya uchumba: tazama uimara kabla ya rangi

Mkufu na hereni hupata siku za kupumzika kabatini. Pete ya uchumba haipati. Huvaliwa asubuhi hadi usiku, miaka nenda miaka rudi, kwenye kiungo kinachogonga meza, kinachoshika vitasa vya milango na kuosha vyombo. Ndiyo maana jiwe linalopendeza kwenye kidani laweza kuwa chaguo baya kabisa kwenye pete, na ndiyo maana wachumba wanaokuja kwenye maabara yetu ya kupima vito kutuuliza juu ya rangi huwa tunaanza kuwaeleza habari za vumbi.

Vumbi la kawaida lina chembechembe za kwatzi, madini yaleyale yanayojaa kwenye mchanga. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye ngazi 1 hadi 10, kwatzi iko ngazi ya 7. Jiwe lililo chini ya hapo hukwaruzwa kila linapofutwa likiwa na vumbi. Litazame baada ya miaka kadhaa kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10: kingo zilizokuwa kali pale nyuso za mkato zinapokutana zimelika na kuviringika, na uso wa juu umejaa mikwaruzo midogo inayopishana kila upande. Kwa macho matupu mvaaji huona tu kwamba jiwe limefifia. Lulu, feruzi na opali ziko kwenye hatari hiyo. Tanzanaiti nayo, pamoja na uzuri wake wote, iko kati ya 6 na 7, hupasuka kwa urahisi ikigongwa na haivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto. Mimi huishauri kwa hereni, si kwa pete ya kila siku.

Lakini ugumu peke yake haukulindi. Kuhimili mkwaruzo ni jambo moja, kuhimili pigo ni jingine. Topazi ina ngazi ya 8, ila ndani yake kuna uelekeo mmoja ambao ikipigwa hupasuka moja kwa moja, kama gogo linalopasuliwa kufuata nyuzi zake. Zumaridi hufika 7.5 hadi 8, lakini nyingi huzaliwa na nyufa ndani, na pigo moja kwenye kona laweza kumega kipande. Jedi ni kinyume chake: hukwaruzika kuliko hayo mawili, lakini kuivunja ni kazi ngumu.

Ukiniuliza niteue familia moja, nitataja yakuti. Rubi na safaya ni madini mamoja, korandamu, ngazi ya 9, na hayana uelekeo dhaifu wa kupasuka. Wengi hudhani safaya ni ya buluu tu. Ipo ya njano, ya waridi, ya kijani na ya zambarau, na zote zina uimara uleule. Pete ya uchumba ambayo Charles, mwana wa mfalme wa Uingereza, alimpa Diana mwaka 1981 ina safaya ya buluu, na tangu 2010 inavaliwa na Catherine, mke wa mwana wao William. Inayofuata kwangu ni spineli, ngazi ya 8, jiwe ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu ingawa mara nyingi huuzwa bila kufanyiwa chochote zaidi ya kukatwa na kung'arishwa. Lile jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lililoitwa rubi kwa karne nyingi, ni spineli.

Sasa uliza jiwe limefanyiwa nini. Safaya na rubi nyingi huchomwa kwenye tanuri ili rangi ikolee. Hilo ni jambo la kawaida na rangi hiyo hudumu, mradi muuzaji aseme. Linalonitia wasiwasi ni rubi yenye nyufa zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi. Kwenye lenzi utaona viputo vya hewa na mmweko wa buluu unaotokea na kupotea unapoigeuza. Maji ya limau tu yanatosha kukila kioo hicho, na moto wa sonara anaporekebisha pete huliharibu jiwe lote. Zumaridi nazo kwa kawaida hutiwa mafuta kuficha nyufa, kwa hiyo usikubali zisafishwe kwa mvuke wala kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi laini vinatosha.

Usiamini kwamba pete ya zamani lazima ina jiwe la asili. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza rubi mwaka 1902, na mawe hayo yalienea haraka. Kemia yake ni ileile, lakini mistari ya ukuaji ndani yake hujipinda, wakati ya jiwe la ardhini hunyooka. Kama unalipia jiwe la asili, dai cheti cha maabara isiyo na maslahi na muuzaji, kinachotaja kama ni la asili, limefanyiwa nini na uzito wake kwa karati. Lipimwe kabla halijafungwa kwenye pete, maana dhahabu huficha mengi.

Kwa mtu anayefanya kazi za mikono, ukingo wa metali unaozunguka jiwe lote ni salama kuliko kucha, yaani vimeno vidogo vya metali vinavyolishika jiwe. Ukipenda kucha, chagua sita badala ya nne, na mpelekee sonara azikague kila mwaka. Kucha iliyolika hunasa nyuzi za nguo. Ukiliona hilo, vua pete siku hiyohiyo.