Muhuri wa mwenyekiti haukupi shamba

Juzi kaja mteja mwingine na karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku. Ekari tano, upande wa Handeni. Chini kuna dole gumba la muuzaji, sahihi za mashahidi wawili na muhuri wa zambarau wa mwenyekiti wa kijiji. "Wakili, kila kitu si kipo? Sikutaka dalali anikate cha juu." Cha juu kweli hakukatwa. Sasa yuko baraza la ardhi anagombea shamba.

Nimechoka kusikia kwamba mwenyekiti akishagonga muhuri, mambo yamekwisha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji. Ni kikao kizima, wala si mwenyekiti peke yake, jioni, barazani kwake, soda mkononi. Mwanakijiji akitaka kumuuzia shamba mtu asiyekaa pale, halmashauri ndiyo inayoridhia. Na ikiwa unagawiwa ardhi ya kijiji chenyewe, lile "pori letu" wanalokuonyesha kwa kidole, hata halmashauri haina ubavu huo mpaka mkutano mkuu wa kijiji upitishe kwanza. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mauziano yaliyokosa ridhaa ya halmashauri.

Kwa hiyo muhuri uache. Niletee muhtasari wa kikao: tarehe, mahudhurio yenye sahihi, na ajenda inayotaja jina lako, ukubwa wa shamba na mipaka yake. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Ukiona majina manne, uliza wengine walikuwa wapi. Tena kahudhurie mwenyewe, hata kama ni kulala kijijini siku mbili, na hela usiitoe kabla. Wateja hununa nikisema hivi. Wana haraka ya kurudi mjini, halafu kesi wanaiendesha miaka.

"Ekari ni sabini kwa sabini." Sabini nini? Ekari ni mita za mraba 4,047, yaani kama mita 63.6 kila upande. Hatua 70 za mtu mzima zinakaribia hapo, lakini mita 70 kwa 70 ni 4,900. Muuzaji mfupi na mnunuzi mrefu hawatakubaliana hata siku moja. Nenda na futi kamba.

Hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, ni ya daraja la pili? Hapana. Kifungu cha 18 cha Sheria hiyo ya Ardhi ya Vijiji kinaipa hadhi sawa na hati miliki ya kawaida.

"Mama hana neno, shamba ni la mzee." Umemuuliza huyo mama, mke wa muuzaji? Ridhaa yake iandikwe, naye aweke sahihi.

Shamba la kando ya mto, maji bwerere? Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Zitoe kwenye hesabu kabla hujataja bei.

Na majirani wa mpaka usiwapigie simu. Tembea nao mpaka wote, pande zote nne, kila mmoja atie sahihi upande wake. Kwenye ile karatasi ya Handeni, jirani wa kaskazini ameandikwa "pori". Pori hilo lina mwenyewe, na ndiye aliyefungua shauri.