Mahitaji ya chini ya gemu yanakuahidi nini hasa

Mtu akiuliza kama kompyuta yake itabeba gemu mpya, jibu analopewa karibu kila mara ni lilelile: "Cheki mahitaji ya chini, ukiyafikisha pakua tu." Anayejibu hivyo hana nia mbaya. Ila jibu hilo ndilo linalowafanya watu wapakue makumi ya GB usiku kucha, halafu asubuhi wakute gemu inakwamakwama kila wakigeuza kamera, waanze kusema waliotengeneza ni waongo. Mara nyingi hao hawakudanganya. Waliandika, tena kwa maandishi madogo, na sisi tukasoma jina la kadi tu.

Maana yenyewe haina ugumu. Mahitaji ya chini ni orodha ya vifaa ambavyo mtengenezaji anaona vinatosha gemu ichezeke kwa kiwango alichokipanga yeye: prosesa, kadi ya picha, RAM, nafasi ya diski na toleo la Windows. Mahitaji yanayopendekezwa ni orodha ya aina hiyohiyo, kwa kiwango cha juu zaidi, nacho amekipanga yeye. Basi.

Shida iko kwenye hicho kiwango. Kinajengwa na mambo matatu: rezolusheni ya picha (idadi ya nukta, yaani pikseli, zinazochorwa; ndizo hizo 720p, 1080p, 4K), mipangilio ya picha (ubora wa vivuli na vinginevyo), na fremu, yaani picha mojamoja, ngapi kwa sekunde. Orodha isiyotaja hayo matatu haijakuambia kitu, hata ikitaja kadi kwa jina na namba. Kadi ileile inaweza kuendesha gemu ileile kwa fremu 70 au kwa fremu 20, kutegemea umeiagiza ichore nini. Kwa hiyo swali la "itabeba au haitabeba" linakosa nusu yake, na anayejibu "ndiyo" anaijaza hiyo nusu kwa kichwa chake mwenyewe, bila kujua mwenzake anawaza nini.

Chukua Cyberpunk 2077. Ilitoka Desemba 2020, na mwaka 2023 watengenezaji wake, CD Projekt Red, wakaandika upya mahitaji yake. Kwenye safu ya chini waliweka prosesa ya Core i7-6700, kadi ya GTX 1060 yenye GB 6, RAM ya GB 12, na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) yenye nafasi ya GB 70. Watu wengi husoma hapo wakafunga ukurasa. Lakini jedwali hilohilo linasema vifaa hivyo ni vya 1080p, mipangilio ya chini, fremu 30 kwa sekunde. Hiyo ndiyo ahadi yote. Kwa fremu 30, kila picha inakaa kwenye skrini karibu milisekunde 33. Kwa fremu 60 inakaa karibu 17. Atatokea mtu aseme filamu huenda kwa fremu 24 na hakuna anayelalamika. Ni kweli, ila filamu haingoji kidole chako. Kwenye gemu unabonyeza, kisha unasubiri jibu, na huo muda wa kusubiri ndio unaousikia mkononi hata kama macho yameshazoea.

Safu ya mahitaji yanayopendekezwa ya gemu hiyohiyo ni 1080p, mipangilio ya juu, fremu 60. Angalia kwamba rezolusheni haikubadilika. Aliyenunua skrini ya 4K akaona kadi yake "imefikisha kinachopendekezwa" bado hajaahidiwa chochote kuhusu skrini yake. Picha ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili, na kila moja inabidi ichorwe. Watu huchukulia "inayopendekezwa" kuwa ni kilele, kwamba ukifika hapo unaweka kila kitu juu kabisa na kustarehe. Kwa gemu nyingi nzito hapo ni katikati tu, na wengine siku hizi huongeza safu mbili tatu juu yake kwa ajili ya wenye 1440p, 4K na ufuatiliaji wa miali ya mwanga (ray tracing, mbinu ya kukokotoa jinsi mwanga unavyosafiri).

Sasa kuna maandishi madogo zaidi ya hayo. Monster Hunter Wilds ilipotoka Februari 2025, watengenezaji wake, Capcom, waliandika kwamba kwa vifaa vya chini gemu itaenda kwa 1080p, fremu 30, mipangilio ya chini kabisa, na picha hiyo ya 1080p itakuwa imepandishwa kutoka 720p. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mazito. Picha ya 720p ina pikseli 921,600, chini ya nusu ya zile za 1080p. Kadi inachora hizo, zilizobaki zinakisiwa na programu ya kupandisha picha kama DLSS au FSR. Sisemi ni utapeli. Kwenye rezolusheni kubwa teknolojia hii inafanya kazi nzuri sana na mimi huiwasha bila aibu. Lakini ukianzia 720p, majani, nywele na vitu vya mbali huwa kama vimelowa maji, na aliyesoma "1080p" peke yake hakutarajia hivyo.

Kwenye mahitaji yanayopendekezwa ya gemu hiyo waliahidi fremu 60, kwa sharti kwamba uzalishaji wa fremu umewashwa. Hapa ndipo watu wanapochanganya kweli. Uzalishaji wa fremu ni kompyuta kutengeneza picha ya kati, kati ya picha mbili zilizochorwa kihalali, ili mwendo uonekane laini. Kihesabio cha fremu kinaandika 60, jicho linaona ulaini, lakini gemu inaendelea kusikiliza mkono wako kwa kasi ya zile fremu za kweli, ambazo huenda ni nusu ya hizo. AMD, ambao ni kati ya wanaotengeneza teknolojia hii, wenyewe wanashauri uwe tayari na fremu kama 60 za kweli kabla ya kuwasha kitu hiki. Kikitumika kuifikisha kompyuta kwenye 60, kinatumika kinyume na kilivyokusudiwa. Hata hivyo Capcom wapewe haki yao: waliliandika sharti, na kabla gemu haijatoka walitoa programu ya bure ya kupima, uiendeshe kwenye mashine yako uone namba kwa macho yako. Laiti wote wangefanya hivyo.

Jambo hili si geni. Crysis ilipotoka mwaka 2007 ilizaa utani ambao mpaka leo haujafa, wa kuuliza kila kompyuta mpya kama itabeba Crysis. Kompyuta nyingi za gemu za wakati huo ziliibeba, kwa mipangilio ya chini. Zilichoshindwa ni mipangilio ya juu kabisa, ambayo watengenezaji wake, Crytek, waliiweka kwa kuwaza mashine za miaka ya mbele. Watu wakaisukuma juu, ikakwama, wakasema gemu haichezeki.

Kuna tofauti nyingine ambayo orodha haikuonyeshi, kwa sababu vitu vyote vimepangwa mstari mmoja kana kwamba vina uzito sawa. Baadhi ya mahitaji ni ya kiasi: ukipungukiwa kidogo unapoteza fremu, unashusha vivuli, maisha yanaendelea. Mengine ni mlango: huna, huingii. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinataka kadi yenye uwezo wa kufuatilia miali ya mwanga kwenye chipu yenyewe. GTX 1080 Ti ina GB 11 za kumbukumbu ya picha na kwenye gemu za kawaida inaizidi RTX 2060 Super, lakini hapo inaachwa nje na mwenzake anaingia. Battlefield 6 nayo haikubali kuwaka kama Secure Boot (kinga ya kompyuta inayokagua programu wakati wa kuwaka) haijawashwa, hata uwe na kadi ya kifahari kiasi gani. SSD iko katikati: mara nyingi gemu itawaka kwenye diski ya kuzunguka, ila utakuta mitaa inachelewa kujichora na mchezo unasimama kidogo kila ukifika eneo jipya.

Baada ya kuelewa orodha inasema nini ndipo uangalie mashine yako, na hapo nako kuna mitego. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Ukurasa wa kwanza utakuonyesha prosesa, RAM, na mstari unaosema DirectX 12 (DirectX ni programu ya Windows ambayo gemu huitumia kuzungumza na kadi). Huo mstari wa mwisho usikufurahishe. Unaelezea Windows, wala hauzungumzii kadi yako. Windows 10 na 11 zote huandika hivyo. Uwezo wa kadi uko kwenye kichupo cha "Display", mstari wa "Feature Levels". Ukiona namba ya juu kabisa haifiki 12_2, gemu inayodai DirectX 12 Ultimate si yako.

Kwenye kichupo hichohicho kuna jumla ya kumbukumbu, na chini yake mistari miwili inayoigawa: ya kadi yenyewe na ya kuazima. Kwa kompyuta ambayo picha zinachorwa na prosesa yenyewe, utakuta jumla ni GB 4 na ushee, huku ya kadi ni MB 128 tu. Hizo nyingine ni RAM yako hiyohiyo ya kawaida, imehesabiwa mara ya pili. Anayesema "nina GB 4 za picha" kwa kusoma hapo hana. Na laptopu yenye kadi mbili inaweza kukuonyesha ile dhaifu kwanza, kwa hiyo pitia pia Task Manager, kwenye "Performance", utaziona zote mbili zimepangwa.

Halafu majina. "Nina i7" haijibu swali lolote. Core i7-2600 ni ya 2011, na Core i3-12100 ya 2022 inaiacha mbali ingawa zote zina koo (cores, vitengo vya kuchakata) nne. GTX 1060 ya GB 3 na ya GB 6 hazitofautiani kumbukumbu peke yake. Ile ya GB 3 ilikatwa na sehemu ya chipu. RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina GB 24, ya laptopu ina GB 16 na chipu ndogo zaidi, na jina kwenye boksi ni lilelile. Orodha ya mahitaji inapotaja kadi bila kufafanua, chukulia inazungumzia ya mezani.

Zile tovuti za kukagua kompyuta na kukupa tiki ya kijani zinalinganisha majina tu. Hazijui kama laptopu yako inapata joto ikajipunguza kasi, wala kama RAM yako ni kijiti kimoja badala ya viwili. Bora utafute video ya mtu mwenye kadi na prosesa kama zako, kihesabio cha fremu kikiwa kinaonekana na mipangilio imetajwa. Na kama unanunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 ukiwa umecheza chini ya saa 2. Fahamu tu kwamba gemu nyingi kubwa huanza kwa kuandaa sheda (programu ndogo za kuchora mwanga na rangi), wakati mwingine kwa dakika nyingi, na saa ya Steam haijali kwamba bado hujacheza.

Kwa hiyo mwenzako akisema kompyuta yake "imefikisha", usimpinge. Muulize imefikisha kwa rezolusheni gani, mipangilio gani, fremu ngapi, na kama hizo fremu zote ni za kweli. Akikuambia ni 1080p, ya chini, 30, na gemu yenyewe ni ya kupanga mikakati kwa zamu, mwache apakue kwa amani. Ikiwa ni ya kulenga na kupiga, mshauri ajaribu kwanza kushusha rezolusheni kabla hajaanza kutafuta kadi nyingine. Fremu zisipopanda hata baada ya hapo, kadi haina kosa, aiangalie prosesa.