Je, wajua? Nyangumi wanaopita Tanga hawaji kula, na ndo maana wiki hii unawaona wiki ijayo boti inatoka kapa

Swali niliulizwa na binti wa dada yangu tukiwa Ushongo, kule Pangani, mwezi wa tisa. Jumamosi moja tulitoka na boti ya faiba mpaka nje ya kisiwa cha Maziwe tukaona nyangumi watatu, mmoja akaruka mwili karibu wote nje ya maji, boti nzima tukapiga kelele. Jumamosi iliyofuata tukarudi, boti ile ile, nahodha yule yule, tena bahari imetulia kuliko mara ya kwanza, tukazunguka masaa matatu hatukuona hata mgongo. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, wameenda wapi?" Nikamjibu bila kusita kwamba wamefuata samaki, samaki wakihama na wao wanahama. Nahodha alikuwa anasikia ila hakusema kitu mbele ya mtoto, tulipofika pwani ndo akanivuta pembeni: "Mwanangu, yule hali huku. Miaka yote hii sijamwona akila."

Nikaanza kufuatilia, kusoma na kuulizia, na mzee alikuwa sahihi kabisa.

Najua kosa langu lilitoka wapi na nadhani wengi tunalo. Limetoka kwa papa potwe. Yule wa Mafia, anayeonekana karibu na Kilindoni kuanzia kama Oktoba mpaka Februari au Machi, anakuja juu kula uduvi, watalii wanaogelea naye huku kafungua mdomo. Watu wengi wanamwita nyangumi kwa sababu ya ukubwa, lakini papa potwe ni samaki, anavuta maji kwa mashavu, mkia wake umesimama wima kama wa papa yeyote. Nyangumi ni mnyama, anapanda juu kuvuta hewa, ananyonyesha, mkia wake umelala. Tofauti hiyo niliijua tangu shule ya msingi, ila kichwani niliwaweka kapu moja: mnyama mkubwa kaja pwani kwetu, basi kafuata chakula. Kumbe mmoja anakuja kula na mwingine amekuja ameshakula tayari.

Nyangumi tunaowaona Tanga kuanzia Julai mpaka Novemba wengi ni wale wenye nundu, wenye mikono mirefu kupita kiasi, karibu theluthi ya mwili. Mkubwa anafika mita 13 mpaka 15, yaani anazidi basi la Tanga–Dar kwa urefu, na uzito tani 25 mpaka 30 au zaidi. Chakula chao kiko Antaktika, bahari ya barafu kusini kabisa mwa dunia. Kule wakati wa joto lao, kama Desemba mpaka Machi, kuna uduvi wa baridi anaitwa krili, anajaa majini kwa makundi mazito mpaka maji yanabadilika rangi. Nyangumi huyu hana meno, ana kitu kama kifumbu cha kuchujia tui kinachoning'inia mdomoni, anameza maji na krili kwa pamoja, anasukuma maji nje, krili wanabaki. Sasa kifumbu kinafaa pale ambapo nazi ipo ya kutosha. Bahari yetu ya joto ina samaki wengi wa kuvulia mshipi na nyavu, lakini haina mawingu ya krili kama yale, kwa hiyo kuchuja huku ni kama kukamua machicha yaliyokwisha kukamuliwa.

Hapo ndo nilipokwama muda mrefu, mnyama wa tani 30 anaishije miezi bila kula? Mfano ulionisaidia ni wa mkulima wa mahindi kule Handeni mwenye msimu mmoja wa mavuno. Akivuna anajaza ghala, baada ya hapo shamba halimpi kitu, kila debe linalotoka halirudi mpaka mvua nyingine. Mkulima huyu sasa ana harusi ya mbali, anafunga safari na magunia yake, nauli analipa kwa mahindi, chakula cha njiani ni mahindi, kula ugenini ni mahindi yale yale, na lazima abakize ya kurudia nyumbani. Ghala la nyangumi ni mafuta yaliyo chini ya ngozi. Antaktika anakula tani moja na zaidi kwa siku, anajaza, halafu anaogelea zaidi ya kilomita 6,000 kwenda tu, kwa mwendo kama wa mtu anayetembea kwa haraka, usiku na mchana, wiki kwa wiki, na huku anakaa, anaimba, anapigania jike, anazaa, yote kwa mafuta ya ghalani.

Mzigo mkubwa kuliko wote anao mama. Mimba inachukua miezi 11 mpaka 12, ndama anazaliwa ana mita kama 4 na uzito wa karibu tani moja, na kuanzia hapo mama hali ila ananyonyesha. Maziwa yenyewe ni mazito kupita kasimile, theluthi mpaka karibu nusu yake ni mafuta matupu, kwa hiyo ghala la mama linamwagwa moja kwa moja kwa mtoto. Mama anaweza kupoteza mpaka theluthi ya uzito wake kabla hajaonja krili tena. Nilipolielewa hili nilibaki nimekaa kimya kidogo, manake siku zote nilikuwa nawaangalia wale kama wanyama walioshiba wanaocheza.

Niseme pia kwamba hii sio saumu ya kiapo. Wakikuta chakula njiani wanaweza kula. Magharibi mwa Afrika Kusini wameshaonekana wakila kwa makundi makubwa mno, mpaka 200 sehemu moja, mahali na msimu ambao wengi walidhani hawali. Lakini kule maji ni ya baridi na yana chakula kingi, sio sawa na mkondo wetu wa Pemba.

Na kwa nini wafunge safari yote hiyo? Hapa wanasayansi bado wanavutana. Wapo wanaosema ndama mchanga anahitaji maji ya joto kwa sababu hana mafuta ya kutosha. Wapo wanaosema wanamkwepa orka, yule anayewinda ndama, ambaye kusini yuko kwa wingi. Na wapo waliokuja na hoja kwamba maji ya joto yanawasaidia kubadilisha ngozi. Mimi hoja ya orka inanivuta zaidi, ila kila moja ina mapengo yake na inawezekana zote zina ukweli kidogo.

Sasa turudi kwa mtoto na swali lake. Kama hawakufuata samaki, wiki ile walienda wapi?

Wasafiri hawakai. Simama Segera pale njia panda mwezi wa Desemba, hesabu mabasi yanayotoka Dar kwenda Moshi. Shule zikifungwa yanaanza kupita ya wanafunzi na kina mama wenye watoto, kuanzia tarehe 20 hivi wanamiminika wafanyakazi, magari binafsi yamejaa mizigo, tarehe 25 mchana barabara inatulia kabisa, alafu baada ya mwaka mpya mkondo unageuka, na wenye ratiba za kazi wanawahi kurudi wakati bibi na wajukuu wanabaki mpaka siku ya mwisho. Ukisimama Segera saa moja ukahesabu mabasi kumi, saa inayofuata hakuna hata moja, huwezi kusema Wachaga wamekwisha. Umesimama katikati ya njia ya watu wanaopita kwa mafungu.

Nyangumi wenye nundu wanasafiri hivyo hivyo, kwa mafungu, na utaratibu wao umeandikwa tangu miaka ya 1960. Kwenda kaskazini wanatangulia majike wenye watoto wa mwaka uliopita, wanafuata vijana, kisha madume na majike wazima, na wa mwisho kufika ni wenye mimba, wale wanaongeza siku za kula kule kusini kwa sababu wana wawili wa kuwalisha. Kurudi ni kinyume, majike walioshika mimba mpya wanawahi kuondoka kwenda kujaza ghala, na wa mwisho kabisa ni mama mwenye ndama mchanga anayesubiri mtoto apate nguvu. Kwa hiyo boti ya mwezi wa nane na boti ya mwezi wa kumi hazitafuti kundi moja. Agosti utakutana zaidi na madume wanaoshindana, wanaruka, wanapiga maji kwa mkia, unawaona kwa mbali sana. Oktoba uwezekano wa mama na ndama unapanda, hao hawana makeke ila ndama hawezi kukaa chini muda mrefu, anapanda kuvuta hewa kila baada ya dakika chache, wakati mtu mzima anaweza kuzama dakika 10 au 15 au zaidi na akatokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Alafu kuna kusi. Hili nahodha yeyote wa Tanga au Pangani anakuambia kabla hujauliza. Juni, Julai na Agosti kusi inavuma kwa nguvu, bahari inachafuka, povu jeupe kila mahali, na dalili ya kwanza ya nyangumi ni ile pumzi yake inayoruka mita 3 au 4 kama moshi mweupe. Tafuta moshi mweupe juu ya povu jeupe ukiwa kwenye boti inayoruka ruka. Siku nyingi hata boti haitoki. Inapofika maleleji, kusi imekufa na kaskazi haijaanza, maji yanalala kama kioo, kila mtu anarudi na picha na watu wanasema msimu umekolea. Nyangumi wenyewe inawezekana walikuwa wengi zaidi mwezi mmoja nyuma. Tunachokiita msimu wa nyangumi ni nyangumi wakizidishwa na hali ya bahari wakizidishwa na idadi ya boti zilizotoka, na sisi tunahesabu jibu la mwisho tu.

Kule Mafia jambo hili lilishathibitika kwa papa potwe. Watafiti waliwafunga vifaa vinavyotoa sauti wakaweka vipokezi baharini, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yakaonyesha wengi wao wapo pale hata miezi ambayo hakuna anayewaona, wamesogea tu mbali kidogo na chini zaidi. Nyangumi wao wanaondoka kweli, lakini somo ni lile lile, kutoonekana na kutokuwepo ni vitu viwili.

Kuna wazee wanaosema zamani nyangumi hawakuwa wengi hivi, na wana haki. Karne ya 20 waliuawa zaidi ya nyangumi wenye nundu 200,000 upande wa kusini wa dunia kwa ajili ya mafuta, yale yale mafuta ya ghalani. Walianza kulindwa mwaka 1963, ingawa meli za Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri. Bahari ya Hindi ilitangazwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979. Mnyama anayezaa ndama mmoja kila miaka miwili mitatu anachukua muda kurudi, na ndo sasa tunaona wakirudi.

Wanatambuliwa kwa picha, chini ya mkia kila mmoja ana madoa na makovu yake kama alama ya kidole. Kuna dume lilipigwa picha Kolombia, upande wa Pasifiki, mwaka 2013 na tena 2017, halafu 2022 likapigwa picha kwenye mkondo wa Zanzibar. Kwa mstari mfupi kuliko yote ni zaidi ya kilomita 13,000. Kwa hiyo ukipata picha nzuri ya mkia usiiache kwenye simu, iweke kwenye benki ya picha ya Happywhale.

Jambo moja linaniuma kwenye hizi safari zetu. Mteja kalipa, anataka karibu, na nahodha anaogopa malalamiko, kwa hiyo mashine inafunguliwa na mama anafukuzwa. Nchi nyingi zinaweka mita 100 kama mwisho wa kusogea, na zaidi ya hapo kama kuna ndama. Ukishajua habari ya ghala unaelewa kwa nini, kila akikimbia anachota mahindi ambayo hayarudi, na ya mtoto yamo humo humo. Mwambie nahodha mapema kabla hamjatoka kwamba nyie mtaridhika kuona kwa mbali. Wengi wanafurahi kusikia hivyo.

Mwaka jana Agosti nikarudi na mtoto yule yule, tukatoka alfajiri kabla upepo haujaamka. Hatukuona kitu. Nahodha akazima mashine, akatia kasia majini, akamwita, "Njoo mjukuu wangu, weka sikio hapa kwenye mti." Akaweka, akakaza macho, akaniashiria na mimi nije. Madume ndo wanaoimba, wimbo mmoja dakika 10 mpaka 20 alafu wanaurudia kwa masaa, na ulikuwa unapanda kwenye lile kasia, mlio mrefu kama mlango mzito unafunguliwa taratibu, kisha wa juu kama mtoto anayeita. Mtoto akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, wapo."