Je, aliyefungwa jela Kenya hurudishiwa lini kura yake?

Uchaguzi ukikaribia, swali hili huzunguka Nairobi, na mara nyingi linakuja likiwa tayari limebeba jibu lake: mtu aliyewahi kufungwa Kamiti au Lang'ata akishatoka, anarudishiwa lini haki ya kupiga kura? Baada ya miaka mitano? Kumi? Amwandikie nani barua?

Hamwandikii mtu. Kwa sheria ya Kenya, kura yake haikuchukuliwa. Aliyeiba ng'ombe, aliyeua, aliyekamatwa na mitungi ya chang'aa, wote wana haki ya kupiga kura siku ya hukumu, siku zote wanazokaa ndani, na siku lango linapofunguliwa. Kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010 kina masharti matatu tu ya kuingia kwenye daftari la wapiga kura: uwe raia mtu mzima, usiwe umetangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na usiwe umepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Jela haimo. Kwa hiyo tunajikuta na hali ya kushangaza kidogo: muuaji anapiga kura, aliyehonga wapiga kura hapigi.

Mbona basi watu wengi, hata waliosoma, wanaamini kinyume? Lawama kubwa naiweka kwa habari za Marekani. Huko kila jimbo lina sheria yake. Maine na Vermont wanawaruhusu wafungwa kupiga kura wakiwa gerezani. Florida, kwa miaka mingi, mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa alipoteza kura maisha yake yote isipokuwa serikali ya jimbo imrudishie. Mwaka 2018 wapiga kura wa Florida waliamua kuirudisha kwa wengi waliomaliza vifungo, ila si kwa waliohukumiwa kwa mauaji au makosa ya ngono. Watu wapatao milioni 1.4 walitarajiwa kufaidika. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakaongeza sharti kwamba faini na ada za mahakama zilipwe kwanza. Habari hizi hutufikia kwa simu kila siku, na mtu wa Umoja au Kawangware anaishia kujua sheria ya Florida vizuri kuliko ya kwao.

Chanzo cha pili kiko karibu zaidi: cheti cha tabia njema. Anayetafuta kazi Nairobi anakijua. Unalipia, unapeleka alama za vidole, unangoja, na kama uliwahi kuhukumiwa, rekodi inajitokeza. Mwajiri anafunga mlango. Aliyefungiwa milango hiyo yote hudhani na mlango wa kituo cha kura umefungwa pia, na simlaumu. Lakini ofisa wa usajili wa wapiga kura haulizi cheti hicho. Anauliza kitambulisho au pasipoti.

Halafu kuna kuchanganya kupiga kura na kugombea. Kifungu cha 99 kinamzuia kuwania ubunge mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, tena zuio hilo halimshiki mpaka nafasi zote za rufaa na mapitio ziishe. Ndiyo maana huwa tunaona mwanasiasa aliyehukumiwa akipiga kampeni huku rufaa yake ikisubiri mahakamani. Mfungwa wa miaka kumi aliyeshindwa rufaa zote hawezi kuwa mbunge, lakini kupiga kura anaweza.

Tukiwa waadilifu, imani hiyo iliwahi kuwa kweli. Katiba ya zamani ilimkataza kujiandikisha mtu aliyeshikiliwa kisheria, hata mahabusu ambaye kesi yake haijaamuliwa. Kisha mwaka 2010, Priscilla Nyokabi Kanyua, aliyekuwa akiongoza Kituo cha Sheria, alikwenda mahakamani. Mwezi Juni mahakama maalumu iliyoundwa kushughulikia migogoro ya katiba iliamua kwamba zuio lile lilihusu chaguzi za kawaida, si kura ya maamuzi. Tarehe 4 Agosti 2010 wafungwa wakapiga kura ya kuamua hatima ya katiba mpya. Yaani walisaidia kuamua juu ya waraka ambao, kwa kukaa kimya kuhusu jela, ungewapa kura za miaka ijayo. Sijui nchi nyingi zilizofika hapo kwa njia hiyo.

Uchaguzi wa Machi 2013 uliwapita, ingawa mahakama ilikuwa imekubali kwamba haki wanayo. Daftari lilikuwa limeshafungwa. Walianza kumchagua rais mwaka 2017. Kufikia 2022 daftari la watu milioni 22.1 lilikuwa na wapiga kura 7,483 walioandikishwa magerezani. Magereza ya Kenya hukaa na watu zaidi ya 50,000.

Pengo hilo ndilo linalostahili kuelezwa. Haraka haraka mtu atasema wafungwa hawajali. Takwimu haithibitishi hivyo. Wengine walikuwa tayari wameandikishwa nyumbani kwao, wengine ni raia wa kigeni, na wengine waliingia daftari likiwa limefungwa. Kinachowakwamisha wengi ni namna daftari lenyewe linavyofanya kazi: Kifungu hicho hicho cha 83 kinasema mtu aandikishwe katika kituo kimoja tu. Haki ni ya mtu, lakini inatumika mahali.

Chukua fundi wa Mukuru kwa Njenga aliyejiandikisha katika shule ya mtaani kwao. Julai 2022 anafungwa miezi mitatu kwa kosa dogo. Tarehe 9 Agosti jina lake liko shuleni, yeye yuko gerezani. Hakuna aliyemnyang'anya kitu, na bado hapigi kura. Ili apige ndani, angepaswa kuhamisha usajili wake kabla daftari halijafungwa, jambo ambalo asingeweza kulifanya kwa sababu wakati huo hakujua atafungwa. Mwenye kifungo kirefu ana muda wa kujiandikisha humo ndani, ila anahitaji kitambulisho, na vitambulisho vya watu waliokamatwa vina tabia ya kubaki mbali na wenyewe: nyumba ilifungwa, mwenye nyumba akatupa vitu, au kadi haikuwahi kuchukuliwa kabisa.

Sasa geuza upande. Aliyeandikishwa gerezani akatoka Juni, kabla tu ya uchaguzi, kituo chake kinabaki kile kile nyuma ya ukuta alioomba auache. Kama hakuhamisha usajili, mtaani kwao jina lake halionekani. Karani akikosa jina lake, yeye anaondoka akiamini kwamba sheria imemfutia kura. Uvumi huzaliwa hapo, na ni vigumu kuuzima, kwa sababu alichokiona kwa macho yake ni kweli.

Tena aliyeko ndani hapati karatasi zote sita. Anapata ya rais peke yake, sawa na Mkenya aliyeko ughaibuni. Fikiria abiria aliyesimama steji ya Githurai akitaka kwenda Rongai. Noti yake ya shilingi mia ni halali pale alipo, na ingekuwa halali hata angekuwa Kisumu. Tatizo ni kwamba gari lililo mbele yake haliendi Rongai. Karatasi ya rais ndiyo noti: majina ni yale yale nchi nzima, na kura inahesabiwa popote ilipopigwa. Karatasi ya gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi ni laini za matatu. Mfungwa wa Kamiti aliyetoka Homa Bay hana laini ya kwao pale alipo, na akipewa ya pale atakuwa anamchagulia mwakilishi mtu asiyemjua katika wadi ambako kura mia chache zinaweza kumwangusha au kumpandisha mgombea.

Kwa hiyo katika hesabu za tume ya uchaguzi, baada ya kaunti 47 tunazozijua, zinafuata namba mbili zaidi: 048 ya ughaibuni na 049 ya magereza. Kaunti ya 049 haina gavana wala bunge. Napenda namba hiyo kuliko inavyostahili.

Mpango huu haumridhishi kila mtu, nami naona una ufa. Katiba haina mstari unaosema mfungwa amchague rais tu, na Kifungu cha 83 kinataka mipango ya usajili irahisishe upigaji kura, isiuzuie. Mahabusu wa gereza la Industrial Area, Nairobi, ambaye hajatiwa hatiani kwa lolote anakosa karatasi tano kwa sababu tu hakupewa dhamana, au alipewa akakosa pesa za kulipa.

Wapo wanaotetea kura hizi kwa hoja kwamba mfungwa anayepiga kura harudii uhalifu. Kuna tafiti za Marekani zilizoona waliopiga kura wakikamatwa tena mara chache zaidi. Hoja hiyo naishika kwa ncha za vidole: huenda mtu anayejisumbua kupanga foleni ya kura tayari alikuwa ameamua kutulia. Ya msingi zaidi ni kwamba hakimu anapokufunga miaka miwili, hukumu ni hiyo miaka miwili. Kura haimo kwenye karatasi aliyoisoma.

Wanabaki wale wa makosa ya uchaguzi, ambao kwao neno kurudishiwa lina maana kamili. Uchaguzi mkuu huja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na zuio lao ni la miaka mitano, kwa hiyo kwa kawaida hukosa uchaguzi mkuu mmoja. Aliyetiwa hatiani Machi 2024 hataingia katika daftari la tarehe 10 Agosti 2027. Kuanzia Machi 2029 anaweza kwenda ofisi ya tume katika eneo bunge lake na kitambulisho mkononi, bila barua ya msamaha.