Mkanda wa filamu wa kupamba picha ni nini hasa?

Umewahi kuona kadi ya harusi ama kitabu cha matanga, picha zimepangwa moja baada ya nyingine ndani ya utepe mweusi, halafu juu na chini kuna vitundu vidogo vidogo? Huo utepe ndio mkanda wa filamu, wengine wanauita filmustripi, na hapa Kisumu wateja wengi wanauitisha bila kujua jina, mtu anakuambia tu niwekee zile za sinema.

Ni mchoro unaoiga filamu ya kamera za zamani, ile yenye upana wa milimita 35 tuliyokuwa tunapeleka studio ioshwe, ukirudi unapewa picha na negativu kwenye bahasha. Filamu yenyewe haimo, ni mstatili mweusi uliotobolewa na kupachikwa picha kwa kompyuta basi. Lakini una kazi, unaonyesha muda ukipita, mtu akiuona anajua tu kwamba hii ilitangulia na hii ikafuata, na hiyo fremu ya kawaida haikupi.

Majuzi mama mmoja wa Kondele aliniletea picha tano za marehemu mzee wake, kuanzia ujana mpaka uzeeni, akaangalia kazi kwenye skrini akaniuliza, "Mwanangu, haya matundu ni ya nini, si uyatoe picha zikae kubwa?" Nikamwambia mama, tukiyatoa tunabaki na utepe mweusi tu. Maana ndani ya kamera kulikuwa na gurudumu lenye meno, meno yanaingia kwa yale matundu yanavuta filamu, picha iliyopigwa inasonga na sehemu mpya inakuja mbele ya lenzi. Kwa hivyo matundu hayakuwa pambo kamwe, na yana hesabu yake: kwa kamera ya kawaida kila picha ina upana wa milimita 36 na urefu wa 24, na inachukua matundu manane kila upande. Filamu ya sinema ni upana uleule wa 35 lakini inapita wima, na kawaida picha moja ni matundu manne.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Unakuta mtu ameweka matundu matatu makubwa kama madirisha, ama matundu ya juu hayalingani na ya chini, na hata mtu ambaye hajawahi kushika negativu anahisi kuna kitu hakiko sawa ingawa hawezi kukuambia ni nini.

Mimi nahesabu pikseli 20, yaani vile vinukta vinavyounda picha kwenye kompyuta, kwa kila milimita ya filamu halisi. Mkanda unakuwa na kimo cha 700, picha 720 kwa 480, tundu 40 kwa 56 na hiyo 56 ndiyo inasimama wima, pembe umezilainisha kidogo. Kutoka mwanzo wa tundu moja hadi mwanzo wa lingine ni 95, zidisha kwa nane unapata 760, yaani picha yako ya 720 na mwanya wa 40 kabla ya nyingine, kila kitu kinakaa pale pale. Chora tundu moja, likopi ukilisogeza 95, ukimaliza safu ya juu ikopi yote uishushe chini. Usipime kwa macho tafadhali. Na kila picha iwe na leya yake, yaani tabaka lake peke yake, mteja akibadilisha mawazo hutaanza upya.

Kama unatumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, fungua picha zako zote kwanza, kisha ingia menyu ya Filters, Combine, halafu Filmstrip, itakuchorea mkanda wote pamoja na namba pembeni, rangi na ukubwa wa matundu unaweza kubadilisha. Inasaidia ukiwa na haraka, ingawa mimi bado napenda kuuchora mwenyewe.

Picha za kusimama, yaani zile ndefu kwenda juu, ndizo zinasumbua, kwa sababu nafasi ya mkanda imelala. Kata ubaki na uso na mabega, usiivute ijae maana mtu ananenepa ghafla.

Halafu matundu yawe wazi kabisa, si meupe. Ukiyapaka nyeupe kisha uweke mkanda juu ya kadi ya rangi ya maziwa ama ya bluu, weupe unajitokeza kama viraka. Futa hapo ndani kabisa, uhifadhi kwa faili ya aina ya PNG, kwa sababu ile ya JPG haishiki uwazi, itakurudishia rangi mahali ulipotoboa.

Mkanda wa picha tano ni pikseli 3800, na ukiprinti kwa nukta 300 kwa inchi ni kama sentimita 32, A4 haitoshi hata ukiilaza. Ya mzee tuliitoa kwa A3, ikaanza na ile picha amesimama Dunga, ufukwe wa hapa Kisumu, na baiskeli.