Rangi 48 za nini?

Likizo ya Juni ikikaribia, simu yangu haitulii. "Shikamoo mwalimu. Huyu mtoto naona anapenda kuchora, nataka nimnunulie vifaa asikae bure. Hii seti inafaa?" Chini ya ujumbe kuna picha ya lile sanduku la plastiki lenye mpini. Ukilifungua linatandaza mbawa pande mbili, na ndani kuna kreyoni, maka peni, penseli za rangi, vidonge vya rangi ya maji na brashi mbili ambazo hata kupaka kucha za mwanasesere hazitoshi.

Marahaba. Haifai. Mwaka huu naandika mara moja, halafu kila atakayeuliza namtumia hapa.

Imani yenyewe ni kwamba rangi zikiwa nyingi, na ubunifu utakuwa mwingi. Mzazi anahesabu: rangi 12 ni za mtoto wa kawaida, 24 za anayejitahidi, 48 za msanii mtarajiwa. Wenye maduka wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana namba huandikwa kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye boksi. Nenda basi stesheneri yoyote inayochapa picha za harusi, umwombe kijana akufungulie printa. Mara nyingi utakuta wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kwa hizo nne anakutolea bibi harusi, hina ya mikononi, keki ya ghorofa tatu na uso wa shemeji aliyekosa pilau. Sasa mtoto wa miaka minane rangi 48 anazitaka za nini?

Ninachomwambia mzazi anunue ni kifupi. Posta kala, ile rangi nzito ya maji ya chupa, chupa nne: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Nyeupe iwe kubwa kuliko zote kwa sababu ndiyo inayowahi kwisha. Karatasi nene za manila kadhaa, penseli ya 2B, gundi nyeupe, mkasi butu, brashi mbili. Kopo la maji lipo nyumbani na vifuniko vya kuchanganyia rangi vipo nyumbani. Kreyoni ukitaka ongeza, hazina ubaya, ila usiziache kwenye dashibodi ya gari.

Tatizo liko kwenye nyekundu, na hapa sitaharakisha, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapokata tamaa huku mzazi akisema "mwanangu hana mkono".

Shuleni tunafundishwa nyekundu na buluu zinatoa zambarau. Mtoto anachanganya, anapata rangi ya tope. Anaongeza nyekundu, tope. Anaongeza buluu, tope jeusi zaidi. Anakuangalia kama umemdanganya, na kwa kweli umemdanganya. Nyekundu nyingi za chupa za bei nafuu zimeegemea upande wa chungwa, maana yake ndani yake kuna chembe ya njano. Njano ni adui wa zambarau. Zikikutana zinauana na kinachobaki ni kahawia. Mtoto hajakosea kitu. Chupa ndiyo yenye kasoro.

Dawa ni kuipima kabla ya kununua chupa nyingi. Nunua moja ndogo, tia tone kwenye kifuniko, ongeza buluu kidogo kwa ncha ya kijiti, kisha nyeupe kidogo ili rangi ijitokeze. Ikitoa zambarau safi, hiyo rudi ukanunue kubwa. Ikitoa kahawia, usiitupe, kwa sababu inatengeneza chungwa nzuri sana ikikutana na njano. Tafuta tu mwenzake: majenta kama ipo, na kama haipo, chupa ya pinki kali iliyo upande wa baridi, yaani inayoegemea buluu. Nyekundu ya chungwa na pinki hiyo zikikaa pamoja mezani, umepata nyekundu zote unazozihitaji. Ndiyo, chupa zimefika tano. Bado ziko mbali na 48.

Hapo kuna mwalimu mwenzangu ataniandikia kwamba rangi za msingi ni tatu, nyekundu, njano na buluu, basi. Kwa mtihani ni sawa. Mezani, ile kanuni ni makadirio tu, na mtoto hugundua kabla ya mwalimu.

Ubaya wa sanduku la rangi nyingi ni kwamba linajibu kabla mtoto hajauliza. Chukua bahari. Mwenye seti ana kidonge ambacho kila mtu anakiita buluu ya bahari. Anakichovya, anapaka, amemaliza. Lakini mpeleke akasimame pale soko la samaki aangalie maji. Bahari yetu ya Bagamoyo si ya buluu. Mto Ruvu unamwaga maji kaskazini kidogo tu ya mji, na msimu wa mvua unakuja na tope la huko bara. Karibu na mchanga maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mbele kidogo ni kijani kilichochujuka. Buluu yenyewe unaikuta mbali, majahazi yanakopita, nayo ni utepe tu. Hakuna boksi lenye hiyo chai.

Mwenye chupa nne inabidi aitengeneze. Huwa nawakalisha wawili wawili, kifuniko kimoja kati yao, na kazi ni kupata rangi ya maji ya ukingoni. Ugomvi unaanza papo hapo. "Ongeza njano." "Umezidisha, sasa imekuwa uji." "Tia buluu." "Kidogo! Nimesema kidogo!" Wanainua kifuniko wanakilinganisha na maji, wanafumba jicho moja, wanaona bado. Kufika hapo wamekwisha kuitazama bahari kwa makini kuliko watu wazima wengi wanaopita pale kila siku kununua changu. Na picha bado haijaanza.

Vivyo hivyo kile kidonge cha pinki iliyopauka kinachouzwa kama rangi ya ngozi. Ngozi ya namna hiyo sijaiona Dunda wala Magomeni, hapa hapa Bagamoyo. Mtoto anachora familia yake yote, bibi mpaka kitinda mimba, kwa rangi ya watu wasiomhusu, kwa sababu boksi limemwambia hivyo. Achanganye nyekundu, njano na buluu kiasi cha ncha ya kijiti, halafu aweke mkono wake kando ya kifuniko arekebishe. Anayeketi jirani yake atapata kahawia tofauti kabisa, na wote wawili wako sahihi.

Nyeusi siiweki kwenye orodha, na hapo mwenyewe nina mashaka. Sababu yangu ni kwamba mtoto akipata nyeusi kila kivuli anakipaka nyeusi, na kila rangi anayotaka iwe giza anaitia nyeusi, mwishowe picha yote imekuwa ya masizi. Buluu ikichanganywa na kahawia inatoa giza zuri zaidi. Lakini kuna watoto, hasa wale wapole wasiopenda kusikika, ambao hawaanzi kuchora mpaka wapate mstari mweusi wa kushikilia. Ukiwanyima, wanakaa. Kwa hiyo nyeusi naificha kwenye kabati na naitoa kimyakimya kwa ninayeona anaihitaji. Kanuni ya namna hiyo sijui kama naweza kuiita kanuni.

Na wapo wengine ambao chupa nne zinawatisha. Wameshazoea kuchagua, na sasa wanaambiwa watengeneze. Hao siku ya kwanza nawapa penseli na karatasi tu. Sisemi uchache wa vifaa ni dawa ya kila mtoto.

Karatasi. Mzazi anatumia hela yote kwenye rangi halafu mtoto anachora nyuma ya fotokopi. Karatasi ya rimu ni ya gramu 80, yaani mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 80. A4 ni sehemu moja ya 16 ya hiyo mita, kwa hiyo kipande mkononi mwako kina gramu 5. Gramu tano unazitia maji, unazisugua kwa brashi, halafu unashangaa zimejikunja na kutoboka. Kwa penseli na kreyoni inatosha sana. Kwa rangi ya maji, chukua manila. Yenye ukubwa wa A1 ukiikata vizuri inatoa vipande vinane vya A4. Kama manila nayo ni ghali, kuna kadibodi za maboksi madukani, unapewa bure ukiomba kwa adabu. Mtu mzima azipake kwanza mkono mmoja wa rangi nyeupe ya maji ya ukutani, zikauke, hapo rangi za mtoto zitang'aa badala ya kunywewa na ile kahawia ya kadibodi. Ningechagua rangi duni juu ya karatasi nzuri kabla ya rangi nzuri juu ya karatasi duni, na sitabishana na mtu juu ya hilo.

Brashi: moja bapa ya kama inchi moja, moja ya duara iliyojaa, namba 8 au 10. Namba hazilingani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo tazama brashi yenyewe, usisome namba tu. Brashi ndogo mwachie fundi wa kuandika vibao. Mkono wa mtoto hauna utulivu huo, na brashi ndogo inamfunga kwenye kona ya karatasi. Kuna swali pia ambalo wazazi wa hapa huniuliza kwa sauti ya chini: hizi nywele ni za nini? Wana haki ya kuuliza. Zile brashi ngumu zenye nywele za krimu, za uchoraji na hata za kupakia ukuta, mara nyingi ni nywele za nguruwe, na muuzaji mara nyingi hajui. Chukua nailoni. Inaosheka haraka na mjadala umekwisha.

Au tafuna mswaki wa mti. Nasema kweli. Kijiti cha mswaki kikishatafunwa vizuri ncha yake inatoa nyuzi zinazoshika rangi, na alama yake ni ya ukali ambao nailoni haiutoi. Kwa kuta za matumbawe za Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo, zile zilizomeguka chokaa, sijapata kifaa kinachozidi hicho. Ukigonga ncha wima juu ya karatasi unapata vile vitundu vya jiwe bila kuchora hata kimoja.

Sasa la hatari. "Mwalimu, si Tingatinga alitumia rangi za mafuta?" Alitumia. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za madukani juu ya mbao za dari, na hakuwa na sanduku la mbawa mbili. Alikuwa mtu mzima. Rangi ya mafuta huoshwa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, mvuke wake mtoto hapaswi kuuvuta, na baadhi ya rangi za namna hiyo, hasa njano na nyekundu kali, huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo kwa mtoto hakuna kiwango kilicho salama. Chokaa nayo, ya unga au iliyoloweshwa, hapana. Inaunguza macho. Usiniambie "kidogo tu".

Vya jikoni ndivyo ninavyovipenda zaidi, na ndivyo vinavyonipa kesi. Loweka manjano ya unga kwenye maji ya moto, chuja kwa kitambaa, paka karatasi nzima, acha ikauke. Kisha chovya kijiti kwenye maji ya magadi uchore. Mstari unatoka mwekundu wa damu ya mzee mbele ya macho ya mtoto. Dondoshea limau, unarudi njano. Kelele zinazopigwa hapo hazipigwi kwa maka peni yoyote. Shida ni kwamba manjano haistahimili jua. Bandika picha hiyo ukutani panapopiga mwanga, na baada ya muda mfupi imefifia, na mzazi anakuja kuniuliza nimemfundisha nini mwanawe. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kipande cha kanga na kuchanganywa na gundi nyeupe haufifii, kwa sababu rangi yake ni ya kutu ya chuma. Kwa hiyo picha ya kuhifadhi, udongo. Ya kuchezea, manjano. Mwambieni mtoto kabla, siyo baada.

Mkaa wa jiko ni mgumu, unakwaruza. Panga vijiti vyembamba vilivyokauka kwenye kopo la maziwa ya unga, toboa kifuniko tundu moja, funga, weka motoni mpaka moshi ukome kutoka tunduni. Acha kopo lipoe kabisa kabla ya kufungua, la sivyo hewa ikiingia vinawaka na unapata jivu. Hii ni kazi ya mtu mzima.

La mwisho, kwa sababu tuko pwani: usitie maji ndani ya chupa ya posta kala ili iongezeke, na mtoto asichovye brashi chafu humo. Joto letu na unyevu huu vinaiozesha, na ukungu unaanzia kwenye shingo ya chupa. Mimina kiasi cha kifuniko kimoja, futa shingo kwa kitambaa kikavu, funga, weka kivulini. Kinachobaki kwenye kifuniko usikirudishe chupani. Ikianza kunuka, mwaga.